Nane za Donatus: mwalimu wa Roma ambaye bado yuko darasani kwetu



Leo nina swali la shule. Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa darasa la juu hapa Maua Kiswahili kina aina ngapi za maneno, atakujibu bila kusita: nane. Kisha atazitaja moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma namba ya simu: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Amekaririshwa, mwalimu wake alikaririshwa, na mimi pia nilikaririshwa.

Sasa mwulize swali la pili. Kwa nini nane? Kwa nini zisiwe tano, au kumi na mbili? Nani aliketi chini, akayapanga maneno ya Waswahili mafungu mafungu, akapata nane?

Hakuna. Namba hiyo ilitufikia ikiwa imeshahesabiwa, kwa lugha nyingine na katika bara lingine, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Mimi si mwanaisimu. Nilisomea kompyuta, na kazi yangu ni kutengeneza programu. Lakini swali hili linanihusu kikazi kabisa, kwa sababu kila tunapojaribu kuifanya kompyuta ielewe Kiswahili, orodha ile ile ya darasani inajitokeza ndani ya msimbo. Ukirithi msimbo wa zamani, jambo la kwanza ni kuuliza nani aliuandika na alikuwa anatatua tatizo gani. Basi tuulize.

Mtu mwenyewe

Anaitwa Aelius Donatus. Alikuwa mwalimu mjini Roma katikati ya karne ya 4 baada ya Kristo. Mmoja wa wanafunzi wake ni Jerome, yule mtakatifu ambaye baadaye alitafsiri Biblia kwa Kilatini.

Donatus aliandika vitabu viwili vya sarufi. Kimoja ni kikubwa, Ars maior. Kingine ni kidogo sana, Ars minor, na hicho ndicho kilichotawala dunia. Kimeandikwa kwa mtindo wa swali na jibu. Swali la kwanza kabisa linauliza aina za maneno ni ngapi, na jibu lake ni nane. Ndiyo, ndugu msomaji, ni kitabu cha karne ya 4, na kinaanza vile vile anavyoanza mwalimu wa Kiswahili akiwa na chaki mkononi.

Baada yake, kama mwaka 500 hivi, akaja Priscian. Huyu alikuwa mtu wa Afrika Kaskazini, mzaliwa wa Caesarea ya Mauretania, mji unaoitwa leo Cherchell, nchini Algeria. Alifundisha Kilatini Constantinople, akaandika sarufi nene yenye vitabu 18. Lakini nataka ukumbuke kitabu chake kingine kidogo. Alichukua mstari wa kwanza wa kila kimoja cha vitabu 12 vya utenzi mkuu wa Vergil, Aeneid, akauchambua neno baada ya neno kwa maswali: Neno hili ni la aina gani? Umejuaje?

Unalitambua zoezi hilo? Ni lile lile la mitihani yetu: bainisha aina za maneno yaliyopigiwa mstari. Mamilioni ya Wakenya wamepata au kupoteza alama kwa zoezi ambalo Priscian alikuwa tayari analifanya kama miaka 1,500 iliyopita.

Namba inayokataa kubadilika

Hapa ndipo hadithi inapomnogea mtu wa programu.

Donatus hakuibuni namba nane. Waroma waliipata kwa Wagiriki. Sarufi fupi ya Kigiriki inayohusishwa na jina la Dionysius Thrax ilikuwa na aina nane: nomino, kitenzi, kitenzi-kivumishi, kibainishi, kiwakilishi, kihusishi, kielezi na kiunganishi. Kibainishi ni kineno kile kinachotangulia nomino kama "the" ya Kiingereza. Kitenzi-kivumishi ni umbo lililo nusu kitenzi nusu nomino.

Tatizo ni kwamba Kilatini hakina kibainishi. Waroma walipoichukua orodha ile, ilibidi wakiondoe. Zikabaki saba. Je, waliridhika na saba? La! Walikitoa kihisishi mahali kilipokuwa kimefichwa, chini ya kielezi, wakakipa nafasi yake. Zikawa nane tena.

Karne zikapita. Mwaka 1761 Mwingereza Joseph Priestley, yule yule mwanakemia aliyekuja kujulikana kwa ugunduzi wa oksijeni, alichapisha sarufi ya Kiingereza. Aliona kitenzi-kivumishi hakistahili nafasi ya peke yake, akakitoa. Zikabaki saba. Akaingiza kivumishi. Zikawa nane tena! Na ukiichukua orodha ya Priestley ukaiweka kando ya ile ya mwanafunzi wa Maua, zinalingana moja kwa moja.

Wapo waliojaribu namba nyingine. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1795 ilienea shule nyingi za Uingereza na Marekani, alikuwa na tisa. Hata hivyo nane ikarudi na kukaa.

Sisi watengeneza programu tunaijua sana tabia hii. Mfumo ukishategemewa na watu wengi, unaweza kubadilisha vya ndani utakavyo, lakini ile sura ya nje inayoonekana na watumiaji hakuna anayethubutu kuigusa. Nane ni sura ya nje. Vilivyomo ndani vimebadilishwa angalau mara mbili, na mlango ukabaki na namba ile ile.

Kwa nini yeye?

Roma ilikuwa na walimu wengi wa sarufi. Kwa nini jina la Donatus ndilo lililodumu hadi katika Kiingereza cha kale kitabu chochote cha kuanzia somo kikaitwa "donet"?

Naona sababu tatu, na hakuna hata moja inayosema kwamba alikuwa sahihi kuliko wenzake.

Ya kwanza, kilikuwa kifupi. Mtoto aliweza kukikariri chote. Wakati ambapo kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kitabu kifupi kilikuwa rahisi kunakili na rahisi kununua.

Ya pili, swali na jibu lilimsaidia mwalimu kuliko mwanafunzi. Hata mwalimu asiyejua sana angeweza kuuliza swali lililoandikwa na kulinganisha jibu. Kitabu kilijisahihisha chenyewe.

Ya tatu ni mashine. Gutenberg alipoanza kuchapa vitabu kule Mainz katika miaka ya 1450, sarufi ya Donatus ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kutoka katika karakana yake, kwa sababu soko lake lilikuwa la uhakika. Teknolojia mpya ikaenda kueneza kitabu ambacho tayari kila shule ilikuwa inakitumia. Tukumbuke hilo, tutalirudia.

Uingereza nayo, katika miaka ya 1540, chini ya mfalme Henry VIII, iliteua sarufi moja rasmi ya Kilatini kwa shule zake. Iliitwa kwa jina la William Lily, na aina zake za maneno zilikuwa nane. Waingereza wakaisomea kwa vizazi na vizazi. Walipokuja kuandika sarufi ya lugha yao wenyewe, walitumia mizani waliyoijua. Na walipokuja kwetu, walikuja na mizani hiyo hiyo.

Pwani kulikuwa na hesabu nyingine

Kabla hawajaja, pwani yetu haikuwa tupu. Neno sarufi lenyewe lina asili ya Kiarabu, kutoka katika sarf, elimu ya maumbo ya maneno. Wanazuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja walijifunza sarufi ya Kiarabu, na sarufi hiyo inagawa maneno katika mafungu matatu tu: ism, fi'l na harf. Yaani jina, kitendo na herufi, hii ya mwisho ikiwa na maana ya vineno vya kuunganishia.

Nao walikuwa na Donatus wao. Ni Ibn Ajurrum wa Fez, Morocco, aliyefariki mwaka 1323. Kitabu chake kidogo, Ajurrumiyya, kimekaririwa na wanafunzi kote katika ulimwengu wa Kiislamu, pwani yetu ikiwamo. Kifupi, cha kukariri, cha kuanzia. Mbinu ni ile ile, ila hesabu ni tatu.

Kwa hiyo mtoto wa pwani aliyesoma chuoni na baadaye akaingia shule ya serikali alikutana na hesabu mbili za maneno, moja ikisema tatu, nyingine ikisema nane. Zote mbili zilitungwa kwa ajili ya lugha nyingine. Kiswahili chenyewe hakikuwa kimeulizwa.

Waliokuja kukiuliza kwa maandishi ya Kizungu walianza na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Wote hawa walifanya kazi kubwa na hatuna sababu ya kuwabeza. Lakini ni watu waliofundwa kwa sarufi ya Kilatini tangu utotoni, na walipopanga vitabu vyao, rafu za kuwekea maneno zilikuwa zimeshatengenezwa.

Sisi wenyewe tulipoandika sarufi yetu kwa Kiswahili, tulitunga istilahi nzuri sana: kitenzi, kielezi, kiunganishi. Rafu tukaziacha pale pale. Hata nomino ni Kilatini, kutoka nomen, yaani jina.

Pale rafu zinapokwaruza

Je, kuna ubaya gani? Rafu ni rafu tu. Hebu tujaribu kupanga maneno.

Chukua kihusishi. Katika Kilatini kihusishi ni neno lisilobadilika umbo. Kwetu mwanafunzi hufundishwa kwamba ile -a ya "kitabu cha mtoto" ni kihusishi. Lakini tazama: kitabu cha, vitabu vya, mti wa, miti ya, jina la. Hicho ni kihusishi cha aina gani ambacho hubadilika kila kikikutana na jina jipya? Donatus angekikataa palepale.

Chukua kivumishi na kiwakilishi. "Kitabu changu kimepotea": changu ni kivumishi. "Changu kimepotea": changu sasa ni kiwakilishi. Neno ni lile lile na umbo ni lile lile, ila limehamishwa rafu kwa sababu jirani yake ameondoka. Wanafunzi hupoteza alama hapa kila mwaka.

Halafu kuna kichekesho. Wagiriki na Waroma hawakuwa na fungu la vivumishi kabisa. Waliviweka ndani ya nomino, kwa sababu katika lugha zao kivumishi hubadilika kama nomino inavyobadilika. Sasa tazama Kiswahili: mtoto mzuri, watoto wazuri, kiti kizuri, viti vizuri. Kivumishi huvaa nguo ya nomino. Yaani mpangilio wa Donatus mwenyewe ungetufaa hapa kuliko marekebisho ya Priestley, ambayo yalifanywa kwa sababu kivumishi cha Kiingereza hakivai chochote.

Chukua kitenzi. "Alipotuandikia." Ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtenda, wakati uliopita, "po" ya mahali au wakati, mtendewa, na ile -i- ya kutendea. Kwa Kiingereza hizo ni aina tatu au nne za maneno. Kwetu unaandika "kitenzi" na kusonga mbele, na mambo yote ya kuvutia yanabaki bila kutajwa.

Mwisho chukua haya: nyeupe pe, giza totoro, tulia tuli, anguka pu! Haya yanawekwa chini ya vielezi na kuitwa vielezi viigizi, kana kwamba ni ndugu wa "haraka" na "jana". Lakini "pe" haikubali kutoka nyumbani kwa nyeupe. Huwezi kusema nyeusi pe, ni lazima useme nyeusi ti. Mwaka 1935 Clement Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu Afrika Kusini, aliyapa maneno ya namna hii istilahi yake ya pekee, akidai kwamba lugha zetu zipimwe kwa mizani yake zenyewe. Ni sauti zinazobeba picha, na lugha za Kibantu zimejaa hizo. Donatus hakuwa na rafu yake kwa sababu hakuzihitaji.

Tulichopata tulipoweka orodha kando

Kitu kikubwa kabisa katika sarufi yetu hakimo katika zile nane. Ni ngeli.

Mzungu wa kwanza kuandika sarufi ya lugha ya Kibantu aliyoichapa kitabu ni Brusciotto, padri wa Wakapuchini. Kitabu chake kuhusu Kikongo kilitoka Roma mwaka 1659, kwa Kilatini. Ungetarajia ayapange majina kwa miisho yake, kama Kilatini kinavyofanya. Lakini aliona kwamba Kikongo hubadilika mwanzoni mwa neno, si mwishoni, akayapanga majina kwa viambishi vyake vya mwanzo. Alikuwa padri anayeandika Kilatini, mjini Roma, karne ya 17, na bado alikubali kuiacha lugha imwongoze. Hiyo si kazi ndogo.

Wilhelm Bleek, kati ya 1862 na 1869, akalinganisha lugha nyingi za kusini mwa Afrika na kuzipa ngeli namba. Ni yeye aliyeeneza jina Bantu kwa familia yetu ya lugha. Carl Meinhof akauendeleza mpango huo mwaka 1899 na 1906. Kwa namba hizo, mtu/watu ni 1 na 2, mti/miti ni 3 na 4, kitu/vitu ni 7 na 8. Faida yake ni kwamba namba hazijali lugha. Mtu/watu wa Kiswahili, muntu/antu wa Kimeru, omuntu/abantu wa Kiganda: wote ni 1 na 2.

Shuleni kwetu tunatumia njia nyingine, ya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-ZI na nyinginezo. Hii hutazama jina linavyoitikiwa na kitenzi, haitazami umbo lake. Ndiyo maana kijana na kiboko wako A-WA ingawa wamevaa "ki". Na inafanya kazi hata Kimeru. Tunasema "antu ba Meru", kama Kiswahili kinavyosema "watu wa Meru". Jina linaanza na "a", lakini kiitikio ni "ba". Ukitazama jina peke yake hutajua. Ukisikiliza linavyoitikiwa, utajua.

Mtoto wa Igembe anayaitikia hayo nyumbani kabla hajaona mlango wa shule. Kisha anafika darasani, anapewa jedwali la ngeli kama kitu kigeni na kigumu, na hakuna anayemwambia: hii unayo tayari. Hilo linaniuma kuliko suala la nane au tisa.

Sasa tufike kwenye kompyuta

Nilisema tutarudia habari ya mashine mpya kueneza orodha ya zamani.

Kompyuta inayochambua lugha huanza kwa kubandika lebo kila neno: hili ni nomino, hili kitenzi. Ni Priscian yule yule, ila kwa kasi. Mpango wa lebo unaotumiwa sana duniani leo ni wa Universal Dependencies, ulioanza mwaka 2014 na kuhusisha zaidi ya lugha 100. Una lebo 17. Zichunguze: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi, zote zimo. Saba kati ya nane za Donatus ziko hai ndani ya seva. Ni kitenzi-kivumishi tu kilichostaafu.

Mwaka 2023 watafiti wa Masakhane, jumuiya ya Waafrika wanaoshughulikia lugha zetu kwa kompyuta, walitoa data yenye lebo hizo kwa lugha 20 za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwamo. Walieleza wazi kwamba kuyapachika maneno ya lugha hizi katika lebo zile kulikuwa na ugumu wake. Waligundua pia jambo la maana: ukitaka kuisaidia lugha yenye data kidogo, kuifundisha modeli kwa lugha ya familia moja inayofanana nayo huelekea kusaidia zaidi. Kimeru hakimo katika zile 20. Lakini kwa matokeo hayo, mlango wa Kimeru kuingia kwenye kompyuta huenda ni Kiswahili au Kiganda, kuliko Kiingereza.

Kuna walioanza mapema zaidi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza mwaka 1985 kutengeneza mfumo wa kuchambua Kiswahili unaoitwa SALAMA. Huo huingia ndani ya neno, hutenganisha viambishi, na kutaja ngeli. Universal Dependencies nayo ina sehemu ya ngeli pembeni ya zile lebo 17, na majina ya ngeli humo ni Bantu1, Bantu2 na kuendelea. Kumbe namba za Bleek na Meinhof nazo ziko ndani ya seva, bega kwa bega na Donatus!

Lakini teremka sasa kwenye programu za kawaida, hizi tunazotumia kwenye simu. Ujumbe wa Kiingereza huandikwa mara moja: jina la kitu, halafu "deleted". Mfumo huchomeka jina lolote na sentensi inakubali. Kwa Kiswahili:

Picha imefutwa.
Ujumbe umefutwa.
Kitabu kimefutwa.
Jina limefutwa.
Mteja amefutwa.

Hapo kuna viitikio vitano kwa kitendo kimoja. Zana nyingi za kutafsiri programu humwuliza mfasiri: ni kimoja au ni vingi? Baadhi huuliza: ni wa kiume au wa kike? Ngeli haiulizwi. Mfasiri anaandika "imefutwa" kwa kila kitu, na ndiyo maana unasoma "mteja imefutwa" unabaki kucheka. Watu wakiona hivyo husema Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Tatizo ni fomu, ambayo haikuwa na kisanduku cha kujazia ngeli.

Dawa si ngumu. Ongeza safu moja kwenye hifadhidata yako. Kila jina la kitu liandikwe pamoja na ngeli yake: picha, I-ZI, kitabu, KI-VI, bunda, LI-YA. Kisha jedwali dogo la viitikio: KI-VI ni ki na vi, LI-YA ni li na ya. Mfumo wenyewe utachagua "bunda limefika" au "mabunda yamefika". Ni kazi ya mchana mmoja kwa programu ndogo. Ukishindwa kabisa, tumia ujanja wa ngeli ya KU: "Kufuta kumekamilika." Hapo kinachoitikiwa ni kufuta chenyewe, kwa hiyo hakuna jina litakalokusumbua.

Kwa hiyo tumtupe Donatus?

Hapana. Tukumbuke alichotupa. Bila majina ya pamoja kama nomino na kitenzi, mwalimu wa Maua asingeweza kumweleza mwanafunzi Kiingereza na Kiswahili kwa msamiati mmoja, na zile lugha 20 za Masakhane zisingeweza kulinganishwa hata kidogo. Orodha ya pamoja ni kama soketi ya ukutani: si lazima iwe bora, inatosha kwamba kila mtu anayo.

Tena tujifunze mbinu yake. Donatus alishinda kwa kitabu kifupi kilichoanza na swali ambalo mtoto angeweza kulijibu. Sasa wazia kitabu kama hicho kuhusu kile tunachokimiliki sisi. Swali la kwanza lisiwe aina za maneno ni ngapi. Liwe: ukisikia jina, linaitikiwaje? Mtoto ajibu kwa Kimeru kwanza, kisha kwa Kiswahili, aone zinavyofanana. Kurasa ishirini zingetosha. Na zile nane zifuate baadaye, zikiwa na maelezo ya zilikotoka.

Upande wa kompyuta nao uko hivyo hivyo. Lebo na data za lugha zetu zinaandikwa miaka hii hii tunayoishi, na kinachoingia sasa ndicho kitakachonakiliwa. Wachapaji wa Mainz hawakukaa kuuliza kama nane ni namba sahihi. Walichapa kilichokuwepo kwa sababu kilikuwepo.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza programu ya duka, ya shule, ya chama cha akiba au ya wauza miraa, fungua jedwali lako leo uongeze ile safu ya ngeli. Na wewe uliye mwalimu, mtoto akikuuliza kwa nini ni nane, usimwambie ndivyo ilivyo. Mwambie kulikuwa na mwalimu mmoja huko Roma.